Sufuria ya Bibi Vibia

Ndugu zangu, kisomeni kisa hiki hadi mwisho, si kirefu. Nimekipata kwa shemeji yangu aliyesomea sheria. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiteleza mahali mnisahihishe kwa upole. Ni hadithi ya mfano tu, ila anasema ile sheria ya nyuki iliyomo ni ya kweli.

Zamani za Warumi, haikuwa lazima mwamuzi wa kesi awe msomi. Mkuu wa mahakama aliweza kumteua raia yeyote mwenye jina zuri akamwambia, "Wasikilize hawa wawili, uamue." Mwamuzi akikwama, alikwenda kwa wanasheria. Hao walikuwa wazee waliokaa barazani kwao asubuhi wakijibu maswali ya watu.

Siku moja akateuliwa mwoka mikate aitwaye Pakwio. Kesi yenyewe ilikuwa ya Rutilio, mwenye shamba la mitini nje ya lango la mji, akimshtaki mjane mmoja, Bibi Vibia.

"Huyu bibi ni mwizi," alisema Rutilio. "Nimemkuta chini ya mtini wangu anakung'utia nyuki kwenye kikapu chake."

"Ni nyuki wangu," alijibu Bibi Vibia. "Walihama mzinga wangu asubuhi ile ile, nikawafuata."

Mzinga huo ndio uliomlisha. Lakini lililomtisha zaidi ni jina. Kwa Warumi, aliyehukumiwa kwa wizi alibaki na doa. Neno lake lisingeaminiwa tena mbele ya watu mpaka kufa kwake.

Sasa shida ilikuwa hii: Pakwio alikaa mtaa mmoja na Bibi Vibia, na hakumpenda hata kidogo. Yule bibi alikuwa na kelele! Kila nyuki wake walipohama alitoka na sufuria ya shaba akiigonga barabarani, kama desturi ya wafugaji, watu wajue anawafuata nyuki wake, na Pakwio ndio kwanza amelala baada ya kuoka tangu usiku. Hata siku ile nyuki walipohamia mtini kwa Rutilio, Pakwio alikuwa ameamshwa.

Kwa hiyo alikwenda kwa Mzee Trebio, mwanasheria, akiwa na hukumu yake tayari mfukoni.

"Mzee, ninaye mjane msumbufu. Hana adabu, hana heshima kwa majirani. Amekutwa na nyuki wa mtu. Nimhukumu, sivyo?"

Mzee Trebio alikuwa akimenya yai. Hakuinua macho.

"Hujaniambia kilichotokea, mwanangu. Umeniambia tu usiyempenda."

Pakwio akaona aibu, akaeleza upya, safari hii kwa mpangilio. Mzee akamsikiliza, akasema, "Nyuki wako wakihama mzinga, bado ni wako maadamu unawaona na unaweza kuwafuata. Ukishawapoteza machoni, si wako tena. Nenda ukaulize: aliwaona njia nzima?"

Pakwio akarudi, akawaita wote wawili. Kabla hajamaliza swali, Rutilio alipasuka kwa kicheko.

"Awaone? Huyu? Mwamuzi, wewe jirani yake hujui? Huyu bibi ni kipofu! Hata wewe hapo anakujua kwa harufu ya chachu!"

Watu wakacheka. Bibi Vibia aliinamisha kichwa. Ni kweli, ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili tangu miaka minne nyuma. Pakwio alikuwa akimlaani kila siku, na hakuwahi kumtazama usoni.

Kesi ilikuwa imekwisha. Sheria imesema kuona, bibi haoni. Pakwio angeweza kutamka hukumu pale pale akaenda kulala. Lakini, wenyewe mnajua, kuna neno likikwama kooni halimezeki. Akaomba muda, akarudi kwa Mzee Trebio.

"Umerudi," alisema mzee. "Vizuri. Wengi hawarudi. Sasa niambie, wazee wetu waliweka sharti la kuwaona kwa nini?"

Pakwio akafikiri. "Ili mtu asiokote nyuki wowote akasema ni wale waliomhama."

"Kwa hiyo walichotaka ni nini? Macho?"

"Hapana, mzee. Walitaka mtu awe na hakika kwamba hawa ni wale wale waliotoka kwake."

"Basi. Waliandika macho kwa sababu wengi wetu tunafuata kwa macho. Yeye alifuata kwa kitu gani?"

Mkono wa Pakwio ukamwenda kichwani.

"Sufuria," alisema polepole. "Nilimsikia mwenyewe, mzee! Aliniamsha! Niende nikamwachilie?"

"Taratibu. Huwezi kuwa mwamuzi na shahidi kwa wakati mmoja. Na kelele peke yake haitoshi, hata mlevi hupiga kelele. Tafuta mdomo mwingine, ujue alifuata vipi na kama aliwahi kuwapoteza."

Siku ya tatu watu wakajaa. Pakwio hakumuuliza Bibi Vibia. Alimgeukia Rutilio.

"Bwana Rutilio, siku ile ulikuwa wapi bibi huyu alipotoka na sufuria yake?"

"Nyuma yake! Natoka sokoni, njia ni moja. Nimeteseka mimi!"

"Alikusumbua?"

"Sana! Tangu mlangoni kwake, mpaka lango la mji, mpaka chini ya mtini wangu. Nilimfokea anyamaze, wapi!"

"Aligonga vipi?"

Rutilio alifurahi kuulizwa. Akachukua fimbo akaonyesha kwenye benchi. "Ko, ko, ko! Halafu kimya. Anasimama, kichwa kaelekeza juu kama kuku anayekunywa maji. Unadhani amechoka, ukamshukuru Mungu. Mara anageuka kidogo, ko, ko, ko tena! Njia nzima, hakuacha hata mara moja!"

"Na kila akisimama kimya, wewe ulisikia nini?"

"Nini tena? Mvumo wa hao nyuki wake juu ya vichwa vye..."

Akakatika hapo hapo. Fimbo ikabaki hewani.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa amesikia neno "wake" likitoka kinywani mwa mshtaki mwenyewe. Na kila mtu alikuwa ameelewa kile kimya cha katikati: bibi alikuwa akisikiliza. Hakuwa amewapoteza hata hatua moja.

"Nyuki ni wa Bibi Vibia," alisema Pakwio. "Hakuiba. Jina lake ni safi."

Bibi Vibia akakaa chini palepale kwenye vumbi, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akacheka, na machozi yakimtoka.

"Mwoka mikate," alisema, "nitakuwa nagonga polepole nikipita kwako."

"Hapana, mama," alijibu Pakwio. "Gonga. Ungegonga polepole, leo ningekuhukumu."

Shemeji anasema njia ile ya wazee wa Kirumi, ya kuuliza kwanza kilichotokea na kisha kuuliza sheria imewekwa kwa nini, iliingia vitabuni ikavuka karne nyingi mpaka kwa majaji wa leo. Na ziko nchi ambazo hadi sasa sheria zao zina kifungu cha nyuki waliohama mzinga.

Mimi nimeguswa kwa sababu nina dhambi ya aina hiyo. Nina jirani anayesali kwa sauti kubwa alfajiri, ananiamsha. Mwaka jana jembe langu lilipopotea, niliwaambia watu ni yeye. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na usingizi tu. Jembe nililikuta nyuma ya banda langu la kuku. Juzi, baada ya kusoma kisa hiki, nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Ndugu yangu, alfajiri huwa nakuombea na wewe." Tangu siku hiyo nalala vizuri, na akiniamsha naitika amina.

Kama una jirani wa namna hiyo, mpelekee na mwenzako kisa hiki kabla hamjakaa kikao cha kumsema.

Funzo: Kabla ya kumhukumu mtu, uliza kilichotokea na uliza sheria ilitaka kulinda nini, huenda kile kinachokuudhi kwake ndicho ushahidi kwamba hana hatia.