Vigingi vya Bwana Heni

Enzi zile wazungu walipomiminika Lupa kutafuta dhahabu, Bwana Heni alisafiri wiki tatu kwa punda, akashukia katikati ya mahindi ya mkulima aitwaye Tusekile.

"Shamba hili halina ua, kwa hiyo kisheria ni pori," alisema. "Nitapigilia vigingi vinne, kudai eneo la kuchimba dhahabu. Bwana wa madini wa serikali akija kuviona mwezi ujao, wewe na mahindi yako mtahama."

"Afadhali," alisema Tusekile. "Nimechoka kulisha watoto sita. Vigingi unavyo?"

Hakuwa navyo. Punda alikuwa amebeba gramafoni.

"Basi pumzika, bwana mkubwa. Mikono laini hiyo itachubuka bure."

Tusekile akamkatia matawi manne ya mbono, mabichi na manyoofu. Bwana Heni akayapigilia kwenye pembe za shamba, akamsifu kwa utii wake, akaenda mjini kumsubiri bwana wa madini. Mvua ikanyesha mwezi mzima.

Walipokuja wawili hao, walikuta shamba limezungukwa na mibono pande zote, imechipua majani mabichi.

"Vigingi viko wapi?" aliuliza bwana wa madini.

"Hiki hapa! Au... kile pale!" Bwana Heni alishika mti mmoja, akauacha, akashika mwingine.

"Naona ua tu, Heni. Shamba lenye ua halichimbwi."

"Usimgombeze, bwana," alisema Tusekile. "Minne ya kwanza alinipandia yeye mwenyewe. Mimi nimemalizia tu."