Aliyekuwa Ndani ya Kuku wa Maua

Wapendwa, fungeni kwanza vitabu vyenu vya nyimbo, muweke mikono mapajani. Leo nawapeleka chuoni.

Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kwenye mji uliozungukwa na mashamba ya maua. Mji huo ulikuwa na desturi yake. Kila mwaka masika yakiisha, wanafunzi na vikundi vya pale mjini walishindana kutengeneza magari ya maua. Sizungumzii gari la harusi lililofungwa riboni. Hawa walichukua tela la trekta, wakachomelea nondo juu yake, wakazivalisha wavu wa waya, wakaumba mnyama au nyumba au kitu chochote walichokipenda, kisha wakakifunika chote kwa vitu vilivyoota ardhini: maua, majani, mbegu, hata magome ya miti. Trekta lilivuta tela polepole katikati ya mji, watu wamejaa kando ya barabara, mpaka mbele ya jukwaa la waamuzi.

Sheria ilikuwa moja, nayo kali. Usionekane waya. Penye waya mtupu hata pa upana wa kidole, mmeshindwa. Mwaka uliotangulia chuo cha binti huyu kilikosa kombe hivyo hivyo. Mwamuzi mmoja mzee aliinama, akaweka kidole mahali palipodondoka ua, akatikisa kichwa, akaenda zake. Binti alikiona kidole kile, na kilimkaa rohoni mwaka mzima. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine wamekaa humu humu ndani.

Basi mwaka huu akachaguliwa yeye kuwa mbunifu mkuu. Akachora kuku mkubwa aliyelalia vifaranga vyake. Mwili wote maua ya waridi, shingo ulezi, kishungi pilipili nyekundu zilizokaushwa. Na uzuri wenyewe ulikuwa kwenye mbawa. Kuku atapita mjini mbawa zimefungwa, lakini akifika mbele ya jukwaa atazifungua, na chini yake vitaonekana vifaranga vya alizeti, manjano tupu. Nani angeshindana na hilo?

Lakini mbawa hazifunguki zenyewe. Alihitajika mtu wa kukaa tumboni mwa kuku na kuzungusha mpini wa chuma. Akajitolea kijana mmoja wa darasa lake, mpole, mwenye mikono minene ya kazi, ambaye tangu mwaka wa kwanza walikuwa wakila meza moja na kuazimana madaftari.

"Mama akiniuliza nasomea nini," kijana alisema siku hiyo, "nitamwambia nasomea utumbo wa kuku."

Wakacheka wote. Walipendana, nataka mlishike hilo. Binti huyu hakuwa na roho mbaya. Alimhurumia kijana asilowe, maana maua hunyunyiziwa maji yasinyauke, akaagiza tumbo la kuku livalishwe turubai kwa ndani. Akamwachia tundu kifuani, upana wa sahani, apate hewa na mwanga. Na kwa kuwa mbiu za tarumbeta zingezima sauti zote, akapitisha kamba kutoka tumboni mpaka nje, aishike mwenyewe akitembea kando ya tela. Akiivuta yeye mara mbili, kijana afungue mbawa. Ikivutwa kutoka ndani, maana yake kijana amezidiwa.

Ikafika siku yenyewe. Kijana akaingia kwa kimlango kilichokuwa chini ya mkia, wenzake wakakifunga na kukigandishia maua kwa gundi, kama sheria ilivyotaka. Binti akalizunguka gari lake mara ya mwisho. Mdomo, safi. Mbawa, safi. Mkia, safi. Akafika kifuani, akaliona lile tundu, jeusi katikati ya waridi. Akaona na kidole cha yule mzee.

Akachukua ndoo ya maua yaliyobaki, akaliziba.

Sauti ikatoka ndani, ndogo. "Dada, umenizibia dirisha."

"Ni mwendo mfupi tu. Ukizidiwa vuta kamba, nasimamisha trekta palepale."

"Palepale?"

"Palepale. Mimi nikuweke wewe kwenye shida?"

Kijana akashika mpini wake, maana alimwamini. Na wewe ungemwamini. Trekta likaondoka.

Ndugu zangu, jua la siku ile lilikuwa kali. Turubai ile iliyowekwa kwa huruma sasa ilifungia joto, na gundi mbichi ilianza kutoa mvuke wake ule unaowasha kifua. Nje hakuna aliyejua. Nje kulikuwa na vigelegele, watoto wamebebwa mabegani, watu wanaelekeza vidole na kusema, "Tazama kuku, tazama kuku." Binti alitembea amenyoosha shingo. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake, na makofi ni matamu, msinidanganye.

Kamba ikavutwa.

Ilivutwa kidogo, mtu angeweza kusema imenaswa. Binti akaitazama, akatembea. Ikavutwa tena, mara hii kwa nguvu, mpaka ikamkwaruza kiganja. Akainua macho. Jukwaa la waamuzi lilikuwa pale mbele, baada ya magari mawili tu. Yule mzee alikuwa ameshasimama.

Dereva wa trekta aliuona uso wa binti, akageuka. "Kuna tatizo huko?"

Hapo, wapendwa. Hapo ndipo mfano wangu wote ulipo. Angesema "simama," trekta lingesimama. Wangerarua maua kidogo, wangemtoa mwenzao, angekaa barabarani akivuta pumzi, wangekosa kombe, na jioni wangecheka.

"Hakuna tatizo," akasema. "Twende."

Akainama karibu na ubavu wa kuku, akasema kwa sauti ya upole, sauti ambayo ndani isingesikika, "Subiri kidogo. Tupite tu hapa."

Kamba iliendelea kuvutwa. Walipofika mbele ya jukwaa, binti akaivuta yeye, mara mbili. Fungua. Kwa kitambo hakikutokea kitu, na hofu ikamshika. Niwaambie alihofia nini? Alihofia mbawa. Kisha mbawa zikaanza kuinuka, polepole, zikasimama, zikafunguka zote, na vifaranga vya alizeti vikang'aa juani. Watu wakasimama. Wengine walilia. Yule mwamuzi mzee akapitisha kidole kifuani, ubavuni, shingoni, asione waya, akamtazama binti na kumwinamishia kichwa.

Na kamba ikalegea mkononi mwake. Binti akashusha pumzi. Akajisemea, ametulia sasa, amepata nafuu.

Wakapewa kombe palepale. Wakapigwa picha, wakabebana. Ni mmoja wa wanafunzi, amelishika kombe kifuani, aliyetazama nyuma na kuuliza, "Mbona mbawa ziko wazi bado? Si alitakiwa kuzifunga?"

Binti akakimbia. Wakakimbilia mkiani, hawakukiona kimlango. Walikuwa wamekifunika vizuri mno, hata wao wenyewe waliokitengeneza hawakujua kinaanzia wapi. Wakararua waridi kwa kucha, gundi imekauka, waya unawachana vidole. Walipomfikia kijana alikuwa ameulalia mpini kwa kifua, ndiyo maana mbawa zilibaki wazi. Nguvu yake ya mwisho hakuitumia kugonga turubai. Aliitumia kuwafungulia mbawa.

Hakupona.

Msibani walikuja wengi. Walimu walikuja, wanafunzi walikuja, na kila aliyempita binti alimshika bega na kumwambia neno lile lile. Hukujua. Pole, dada, hukujua. Ungejuaje na kelele zile? Walimwambia kwa upendo, naye aliinamisha kichwa, na kila alipoinamisha kichwa watu walisema, tazama anavyoumia, maskini.

Mwishowe akaitwa ndani, mkekani alipokaa mama wa kijana na wanawake wa ukoo. Mama akamkalisha karibu yake, akamshika mikono yote miwili, ile yenye michubuko ya waya.

"Mwanangu," akasema, "wamenieleza mlivyokuwa mnapendana. Usijitese moyo. Ungejua, ungesimama."

Binti angeweza kuitikia. Ilikuwa neno moja tu. Ndiyo, mama. Chumba kizima kilikuwa kimeshamsamehe.

"Nilijua, mama," akasema. "Alivuta kamba."

Aliyekuwa akilia akaacha kulia.

Mama hakumwachia mikono. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza mtoto wake alilala njaa au alikula.

"Alivuta sana?"

"Alivuta sana, mama."

Mfano wangu umeishia hapo, sina nyongeza ya kuwafariji. Sasa nasema na sisi.

Sisi tumezoea kutubu yale tusiyoyajua. Ee Bwana, utusamehe tuliyoyatenda bila kujua. Tunaisema sala hiyo kwa raha kabisa, maana haitugusi. Lakini niulizeni, katika maisha yangu ya kuzika watu, ni mara ngapi nimesimama kaburini na wafiwa kweli hawakujua? Mke alisema, baba fulani, naomba tukae tuongee, ukamwambia baada ya kikao. Mwanao alisema chakula hakipiti, ukasema mitihani iishe kwanza. Mama yako kijijini alipiga simu, ukaiangalia ikiita, ukasema nitampigia nikitulia. Hukumchukia hata mmoja wao. Binti yule naye hakumchukia mwenzake. Ni nani kati yetu amemuua mtu kwa chuki? Tunaua kwa "subiri kidogo," tena kwa sauti ya upole.

Na inatuponza zaidi pale kamba inapolegea. Yule aliyekuwa akitusumbua akinyamaza, tunamshukuru Mungu. Tunasema amekua, amezoea, ameelewa. Mama yule wa benchi la nyuma, aliyekuwa akija ofisini kwangu kila wiki kuhusu mumewe, ameacha kuja. Nilisema moyoni, afadhali, mambo yao yamekaa sawa. Sikuuliza. Nilikuwa na shughuli.

Mnajua shughuli gani. Jumapili ijayo tunazindua madhabahu mpya, askofu anakuja, na maua yameshaagizwa. Kamati imekutana mpaka imechoka. Hakuna tofali litakaloonekana, mwenyekiti ameniahidi, na nilifurahi kusikia hivyo. Leo sifurahi. Natazama humu ndani naona sura za watu wanaoshika kamba, wengine upande wa nje, wengine wamo tumboni gizani, wanavuta, na sisi tunapima rangi ya vitambaa.

Kwa hiyo ibada naikata hapa. Sadaka itasubiri, wimbo wa mwisho utasubiri, matangazo yatasubiri, na kama ni lazima askofu naye atasubiri. Kila mmoja amemkumbuka mtu wakati nilipokuwa nasema, usiniambie hukumkumbuka. Inuka sasa hivi umwendee. Kama yuko mbali, toka nje umpigie. Mimi natangulia, nakwenda kwa yule mama.