Mkalia Kigoda na Aseme Tua

Mkalia kigoda na aseme tua. Vijana walikuwa wameisikia methali hiyo kwenye mkutano wa kijiji, mama mmoja alipomrushia mwenyekiti aliyekuwa akikwepa shauri lake. Waliporudi nyumbani walimkuta Bibi Nyange akimenya muhogo.

"Bibi, kigoda gani? Na nani atue nini?" wakauliza.

"Kaeni. Shikeni visu, mikono isiwe bure," akasema. "Maneno hayo yana kaburi lake, na mwanzo wake ndio huu."

Asubuhi moja, zamani za majumbe, mgeni aliingia katika kijiji cha Kwamkole bila kutarajiwa. Alikuwa tarishi wa Liwali kutoka pwani, vumbi hadi magotini, mkononi ana fimbo ya bwana wake. Nyuma yake alifuata mwanamke mwembamba aliyebeba mzigo wa kuni kichwani.

Jumbe Semboja alikuwa kwenye kigoda chake barazani. Alipoiona fimbo alitabasamu. Alipomwona mwanamke, tabasamu likafa. Na kwa mazoea, akaanza kuinuka.

Alikuwa na sababu ya kuinuka. Kule Kwamkole, mwenye shauri hakuja mikono mitupu. Alikuja na mzigo kichwani, akasimama mbele ya baraza. Jumbe, akiwa amekaa kigodani, alisema neno moja tu: "Tua." Mzigo ukishawekwa chini, shauri limefunguliwa, na lazima liamuliwe. Lakini neno hilo halikuwa na nguvu ila kwa aliyekaa. Jumbe akiwa amesimama, hapakuwa na baraza.

Nakiete, yule mwanamke, alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji yake Mntambo alimchukua binti yao mdogo, Zaina, akasema ni mtoto wa ukoo. Akampiga mama marufuku kukanyaga ua wake. Mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele Nakiete alipokuja barazani mara ya kwanza.

"Mwanangu anakohoa, Jumbe, na hakuna wa kumwangalia," alisema. "Naomba nisikilizwe."

Sasa, Mntambo alikuwa kaka wa Mwantumu, mke wa Jumbe. Semboja hakutaka kumhukumu shemeji yake, wala hakutaka kusema hatamhukumu. Basi akainuka, akanyoosha mgongo kana kwamba unamuuma.

"Kigoda kiko wazi, mama. Hakuna wa kukutua. Nenda kwa wazee wa ukoo."

Wazee wa ukoo wakamwambia, "Sisi si baraza. Nenda kwa Jumbe." Alirudi. Semboja akainuka tena. Ikawa mchezo wa kijiji: Nakiete akionekana njiani, watani husema, "Jumbe, mgongo umeanza kuuma!" Na Semboja alicheka nao. Usiku, kitandani, hakucheka.

Mwishowe Nakiete aliubeba mzigo wake hadi pwani kwa Liwali. Na sasa amerudi, mahindi yamekwisha kuvunwa.

"Kaa, Jumbe," tarishi alisema.

Semboja alibaki nusu amekaa, nusu amesimama.

"Kama Liwali ameyasikia yote, basi na aamue mwenyewe. Yeye ana elimu kunishinda."

"Nilimwambia hivyo hivyo," tarishi akajibu. "Akaniambia: nikimwamulia Semboja leo, kesho nitaamulia vijiji vyote, na makalio yangu yanatosha kigoda kimoja tu. Hakukuambia mtoto umpe nani. Ukimpa mama, ni hukumu yako. Ukimpa ami, ni hukumu yako. Alilonituma nikuambie ni hili: mkalia kigoda na aseme tua. La hutaki, mwachie mwingine akikalie."

Semboja akautazama uso wa Nakiete chini ya zile kuni. Shingo yake ilikuwa ikitetemeka. Ndipo Jumbe alipotambua kwamba hakuwahi hata mara moja kumtazama usoni. Alikuwa akiutazama mzigo tu.

Akakaa.

"Tua," akasema.

Kuni zilipogusa ardhi, Nakiete alikaa juu yake akalia.

Mntambo akaitwa. Alisema vizuri, tena kwa haki yake: mtoto ni wa upande wa baba, ndivyo mila. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nakiete hakubisha.

"Akipona mchukueni," alisema. "Mimi nataka nimuuguze tu."

Shauri lililokimbiwa tangu mbelewele liliisha kabla ya jua kufika utosini. Semboja aliamua mtoto auguzwe na mama yake mpaka apone, kisha ukoo na mama wakae waelewane. Kwa kuwa Nakiete alikuwa bado amekatazwa ua wa Mntambo, Jumbe akasema, "Nenda kawashe moto nyumbani kwako. Namleta mwenyewe."

Huko kwa Mntambo alimkuta Zaina kwenye mkeka, mwepesi kama bua kavu, kifua kikivuma.

"Babu Jumbe," mtoto alinong'ona, "mgongo umepona?"

Hata yeye aliujua ule utani. Semboja alikosa pa kuweka macho.

"Umepona, mjukuu wangu."

"Basi leo nitalala kwa mama?"

"Leo utalala kwa mama. Nakuahidi."

Mntambo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, sikia. Ukimtoa mtoto huyu leo, na dada yangu leo anarudi kulala kwetu. Ngoja angalau kesho, watu wasinicheke."

Semboja alimpenda mkewe. Alijua pia kwamba Mntambo hakuwa mtu wa kutishia bure. Kesho ilikuwa karibu tu. Lakini ni kesho ngapi alizokwisha kumpa mwanamke yule?

Akaomba kanga, akamfunga Zaina mgongoni kwa mbeleko kama wafanyavyo wanawake, akatoka. Walikatiza kijijini mchana kweupe. Waliozoea kumcheka Jumbe walisimama kando ya njia, na hakuna aliyecheka. Nakiete alikuwa amewasha moto kwa kuni zile zile.

Jioni Semboja alifika kwake akakuta mlango umerudishwa na kanga za Mwantumu hazipo kwenye kamba. Hazikurudi tena.

Na alfajiri akasikia kilio kutoka upande wa Nakiete. Zaina alikuwa amelala mikononi mwa mama yake, akafia mikononi mwa mama yake.

Bibi Nyange aliweka kisu chini. Visu vya vijana navyo vilikuwa vimesimama.

"Sasa, Bibi," kijana mmoja aliuliza taratibu, "hukumu ile ilisaidia nini?"

"Mama alipata usiku mmoja, mwanangu. Angeweza kupata msimu mzima. Watu walipomsifu Semboja kwa ile mbeleko, alikuwa akiwaambia, 'Msinisifu. Lilikuwa neno moja tu, nami nililibana mdomoni mpaka likaoza.' Tangu siku ile, akimwona mtu mbali na mzigo kichwani, masikini au tajiri, ndugu au adui, yeye huwahi kukaa. Hata salamu hangoji. Na maneno ya Liwali akawa anayasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezuru kaburi: mkalia kigoda na aseme tua."