Kwa Nini Bweha Hulia Kama Mtoto Mchanga

Yawekeni chini hayo mawe. Nimesema yawekeni! Bweha hajamla kuku wa mtu leo, na hata angemla, si ninyi wa kumpiga kabla hamjajua alikotoka. Kaeni hapa niwaambie, na mkinikatiza nanyamaza.

Zamani bweha hakuwa wa porini. Alikuwa mbwa wa nyumbani, ndugu wa damu wa huyu mbwa tunayemfuga, ila hakujua kubweka wala kulia. Waliishi kwa mwindaji mmoja, Luhende, na mkewe Minza. Mbwa alikuwa jasiri, akiandamana na bwana wake mawindoni. Bweha, masikini, alikuwa mwoga kupindukia. Mchi ukigonga kinu, huyo uvunguni. Mgeni akipiga hodi, huyo nyuma ya mtungi.

Minza alimjua. Hakumwita kwa nguvu wala hakumkazia macho. Aliweka bakuli la makombo chini, akampa mgongo, akaendelea kusaga mtama wake huku akiimba chinichini. Bweha alitoka taratibu, akala, kisha akajilaza ubavu ukiwa umeegemea mguu wa Minza. Hapo jikoni ndipo palipokuwa kwake. Watu walisema Minza analea mnyama kwa kuwa hana mtoto, naye aliwaacha waseme.

Mungu si Athumani, Minza akapata mimba, akajifungua binti. Enhe, mambo yakageuka siku moja! Mama akalazwa jikoni penye joto, na kwa desturi yao mzazi hakanyagi nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Wazee wakasema mnyama asilale na kichanga, na hapo hawakukosea. Lakini hakuna aliyefikiri kumwandalia Bweha mahali pengine mapema, wala kumzoesha kidogo kidogo. Alitolewa kwa fimbo, mlango ukafungwa, naye akajikuta uani kati ya ngoma, vigelegele na miguu ya watu asiowajua.

Alikuna mlango. Luhende akaona aibu mbele ya wageni. Akamfunga kamba kwenye nguzo, karibu kabisa na ngoma.

"Mume wangu, mfungue!" Minza aliita kutoka ndani. "Utamuua kwa hofu."

"Atazoea tu," Luhende alijibu. "Mwoga ukimbembeleza ndiyo unamharibu."

Wageni wakacheka. Minza akalia, asiweze kutoka. Bweha alitetemeka pale mpaka akajikojolea, halafu akaitafuna kamba ikakatika, akakimbilia shamba la mtama.

Kutoka kwenye mtama aliisikia nyumba yake. Alisikia kiumbe mgeni akilia, na kila alipolia, Minza alimwitikia, "Nipo, mama, nipo." Bweha alisikiliza siku hizo zote. Akaona kumbe anayelia hivyo ndiye anayeitikiwa. Basi akajaribu. Mara ya kwanza haikutoka sauti, ya pili ikatoka pumzi, na alipoendelea akalia sawasawa na mtoto.

Kitovu kilipodondoka, Minza alitoka nje jioni. Mwanawe alikuwa amelala mikononi mwa wifi yake, na bado akasikia mtoto analia kule shambani. Akaelewa. Moyo ulimuuma jamani, mliwahi kuona mnyama akiomba hivyo? Akachukua bakuli la makombo, akaenda ukingoni mwa shamba, akaketi akiupa mtama mgongo, akaimba chinichini.

Bweha akachomoza kichwa. Akasogea, akarudi, akasogea tena. Alikuwa amekonda, kipande cha kamba bado kikining'inia shingoni. Akafika kwenye bakuli, akanusa, akaanza kuegemeza ubavu wake kwa Minza.

Luhende alikuwa uani, akamwona. Tangu mnyama atoroke, alikuwa amekosa raha. Msimdhanie ubaya. Ilikuwa furaha iliyomponza, maana alitoka mbio, mikono juu, akipaza sauti, "Amerudi! Jamani, amerudi!"

Bweha alimwona aliyemfunga anamjia mbio. Aliruka, akalipindua bakuli, akapotea ndani ya mtama hadi porini, na hakusimama. Minza hakugeuka. Alibaki amekaa vilevile, anaimba, mpaka giza likaingia, na Luhende akasimama kando asijue mikono aiweke wapi.

Baadaye Luhende naye alijifunza. Kila jioni alipeleka makombo ukingoni, akakaa akilipa pori mgongo, akaimba wimbo wa mkewe kwa sauti yake mbaya. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu, na hakujua nani kala. Alizeeka akifanya hivyo, na Bweha hakuja kumwegemea hata siku moja.

Na tangu siku hiyo bweha huja karibu na nyumba za watu jua likizama, asiingie wala asiende zake, akalia kama mtoto mchanga. Mama aliye jikoni husikia, akaacha mwiko, akaenda kumwangalia mwanawe. Akimkuta amelala salama hushusha pumzi, akasema, "Kumbe ni bweha tu," akarudi kusonga ugali wake.