Mrashi Uliokaliwa

Mkiingia Ndauni asubuhi mtaona juu ya kila mlango kidirisha kilichopachikwa vipande vya vioo vya rangi. Wageni hudhani ni urembo tu. Tulieni niwaeleze, na mwenye haraka atangulie kwao.

Hapo kale Ndauni haikuwa na rangi hata chembe. Vioo vilikuwapo tele: chupa za samawati, bilauri zenye maua ya dhahabu, mirashi ya shingo ndefu iliyotoka ng'ambo na kurithiwa na mabibi. Lakini kila mwanamke alificha vyake kwa kuogopa kijicho. Kioo kilitoka siku ya wakwe tu, mama wa bibi arusi alipowanyunyizia marashi kwa mrashi wa ukoo. Mrashi usipotoka, wakwe waliaga, na posa ikavunjika.

Mwanaheri alikuwa na mrashi wa zambarau, na kwa kuficha hakuwa na mshindani. Akisikia mgeni kaingia mjini, aliutoa sandukuni akautia kwenye mtungi. Akikohoa jirani, aliuhamisha tena. Basi asubuhi moja, wakwe wa bintiye Barke wakiwa njiani, aliutafuta nyumba nzima asiuone. Barke alimpenda kijana aliyemposa kwa moyo wote, na mama mtu alilijua hilo. Alipochoka kutafuta, Mwanaheri akajibwaga juu ya mto wa pamba.

Kacha!

Ndipo akakumbuka alikouficha.

Akiba haiozi, walisema wahenga, ila hawakusema kama inakalika. Mwanaheri alilia mpaka mtandio ukalowa.

"Mama, tuseme mrashi umeibwa," Barke alinong'ona.

"Nimeficha maisha yangu yote, mwanangu, na haya ndiyo niliyovuna. Leo sifichi."

Juu ya mlango wa ukumbi fundi alikuwa ametoka kukarabati kidirisha, na chokaa ilikuwa bado mbichi. Mwanaheri akapanda juu ya kigoda, akavipachika vile vipande kimoja kimoja, vidole vikimchuruzika damu. Hakujua kama vingemfaa kitu. Alijua tu kwamba hawezi kuvitupa.

Wakwe wakafika jua likipanda. Bi Aziza, mama wa kijana, hakungoja hata kukaribishwa kahawa.

"Mrashi u wapi?"

"Ule pale juu, mkwe wangu. Niliukalia."

Wote wakainua macho. Jua lilikuwa limefika kidirishani, na zambarau ikamwagika ukumbini, ikatua mikononi mwa Barke na juu ya mtandio mweupe wa Bi Aziza. Bi Aziza akakinga viganja, akavigeuzageuza. Kisha yule mama akaangua kicheko, na machozi yakamtoka.

"Nina bilauri ya kijani niliyoachiwa na mama," akasema. "Sijapata kuiona juani hata mara moja."

Akaenda kwake, akarudi nayo, akamkabidhi Barke. "Iweke wazi, mkwe wangu. Ikivunjika, tutajua pa kuitia."

Na tangu siku hiyo, vioo vya Ndauni hukaa kwenye vidaka vya ukutani, kila mtu avione. Kikivunjika kimoja hakitupwi, hupanda juu ya mlango. Na bibi arusi akifika ukweni, mama mkwe humshika mikono akamsimamisha kwanza pale rangi inapotua. Mkialikwa huko, mkamwona mwenyeji anapapasa mto kabla ya kuketi, msimcheke. Papaseni na ninyi.