Swali la Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Chaki ikaandika!
Ubao ukasoma!
Mwanafunzi akauliza!
Nani atamjibu?

Haya, sogeeni.

Hapo kale palikuwa na chuo porini. Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko, mpana wa tumbo, mpana zaidi wa mdomo. Mmoja wa walimu wake alikuwa Pimbi, mfupi wa umbo, mrefu wa akili. Pimbi alifundisha somo la vivuli, maana tai walikaa majabalini, na mtoto asiyejua vivuli haioni jioni.

Siku moja Kiboko aliita kikao cha walimu. Akaweka tenga mezani. Ndani ya tenga, Kasuku.

"Walimu wenzangu, hii ndiyo teknolojia ya darasani. Kasuku haugui. Kasuku hachoki. Kasuku haombi ruhusa ya msiba. Kila mmoja wenu atapewa wake. Mfundisheni somo, kisha mwende nyumbani mkapumzike."

"Na mafungu yetu ya viazi ya mshahara, Mkuu?" Pimbi akauliza.

"Nitayatunza mimi." Tumbo likanguruma, ngrrr.

"Wapi, Mkuu? Humo linamonguruma?"

"Pimbi wewe! Kumbe hata adabu yako ni fupi!"

Walimu wakacheka kwa woga, wakainamisha vichwa.

Pimbi akaondoka na tenga lake, huku akiwaza. Somo lake lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza: kivuli kikipita, kimbia. Nusu ya pili: lakini sikiliza ndege kwanza, wakiimba ni wingu, tulia ule, wakinyamaza ni tai.

"Nitampa nusu," akajiambia. "Watakwama, watanirudia." Akatabasamu, akajiona mjanja.

Kesho yake darasa likaanza, Kasuku akiwa mbele ya ubao.

"Kivuli kikipita, kimbia! Kwaa!"

"Kivuli kikipita, kimbia!" wanafunzi wakaitikia.

Kiboko akapita dirishani akitafuna, kwachu, kwachu. Akasikia sauti moja, akaandika: wote wamefaulu.

Kwenye benchi la mbele alikaa Digidigi, mdogo kuliko wote. Akanyoosha mguu juu.

"Mwalimu, cha wingu na cha tai hutofautianaje?"

"Kivuli kikipita, kimbia! Kwaa!"

"Hapo nimeelewa, Mwalimu. Ila hutofautianaje?"

"Kivuli kikipita, kimbia!"

Ikaja siku ya mawingu. Wingu likapita, Digidigi akakimbia, puru puru puru. Wingu likapita, akakimbia, puru puru puru. Wingu likapita, akakimbia, puru, puru. Hakula jani hata moja. Alasiri miguu ikagoma. Kivuli kikapita tena.

"Ni wingu tu," akasema, akainama kula.

Pimbi alikuwa juu ya jabali lake. Alisikia ndege wakinyamaza, mmoja, wawili, wote. Akapiga kelele, "Kimbia! Kimbia, mwanangu!" Sauti yake ilikuwa fupi kama yeye, haikufika.

Shwaaa!

Kisha ndege wakaanza tena kuimba.

Mama Digidigi akamjia Pimbi. Hakuja kulaumu. "Mwalimu," akasema, "mwanangu alilijua somo lako. Alilisema kila tulipokaa kula. Sasa ilikuwaje?"

Pimbi akashuka jabalini.

Siku hiyo hakulia. Alikwenda darasani, akakaa mbele ya Kasuku, akamfundisha majibu matatu.

Tembo, mwenyekiti wa bodi, akaja kuuliza habari za msiba. Kiboko alikuwa na kiazi mdomoni, na Pimbi alikwisha kumwekea Kasuku mezani.

"Mtoto amekufaje?" Tembo akauliza.

"Tunalifanyia kazi! Kwaa!" Kasuku akajibu.

"Walimu wako wapi?"

"Viazi havitoshi! Kwaa!"

"Na wazazi niwaambie nini?"

"Wavute subira! Kwaa!"

Kiboko akameza, akacheka kwa fahari. "Mheshimiwa, hata mimi ningejibu hivyo hivyo!"

Pimbi akainama mpaka chini. "Basi, Mheshimiwa, Mkuu amesema mwenyewe. Kazi yake Kasuku anaiweza. Haugui, hachoki, na anakula punje tatu za mtama."

Tembo akalitazama lile tumbo. Akaitazama meza ya viazi. "Kiboko, nenda nyumbani ukapumzike."

Kiboko akatoka, akajitosa mtoni, chubwi! Mpaka leo ameficha mwili majini, anachungulia kwa macho tu.

Walimu wakarudi. Viazi vikarudi. Wakambeba Pimbi juu juu, wakamwita bingwa. Kasuku akakalia kiti cha Mkuu.

Asubuhi Pimbi akaingia darasani, akaita majina. Alipofika kwenye jina la Digidigi, akasita. Hapo, kutoka ofisini, Kasuku akasema kwa sauti ndogo, nyembamba, sauti ambayo haikuwa yake:

"Mwalimu, cha wingu na cha tai hutofautianaje?"

Chaki ikaanguka, ko.

Pimbi akaligeukia benchi la mbele, lililo tupu.

"Sikiliza ndege, mwanangu," akasema. "Wakiimba, ni wingu. Tulia ule. Wakinyamaza..." Wanafunzi wakamngoja.

Kasuku hasahau. Kila asubuhi huuliza, na kila asubuhi Pimbi hujibu.

Basi funzo la ngano hii, watoto wazuri, ni kwamba mjanja hushinda, wala hapati hasara. Anayebisha akamuulize Pimbi.

Chaki yangu imekwisha. Ubao ufuteni nyinyi.