Kiboko, Pimbi na Sheria ya Jumapili

— Wa nyumba hii, nigonge?
— Gonga!
— Hadithi iko mlangoni, ina matope miguuni.
— Iingie hivyo hivyo, tutafagia kesho!

Haya, jongeeni. Anayetafuna amalize kutafuna.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na makanisa na majimbo na uchaguzi, katika Jimbo la Mtoni aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene kidogo, hana mkia, nyumba yake iko majabalini. Huyu alikuwa fundi cherehani. Wiki nzima anashona, chaka-chaka-chaka, na Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani. Kando ya mto alikuwa na matuta yake ya viazi vitamu, na wanawake wenzake wa kanisa nao walikuwa na matuta yao hapo hapo. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao.

Sasa mwaka ule, Fisi alifungua kilabu cha pombe mkabala na lango la shule. Watoto wakitoka darasani wanapokewa na ngoma na harufu ya komoni. Ndama mmoja alirudi nyumbani akiyumba, akamwita mama yake shangazi. Wazazi wakalalamika kwa diwani, diwani akasema atalifanyia kazi. Wakalalamika kwa mbunge, mbunge akasema analifahamu. Mkuu wa jimbo alipita pale na gari lake, hakushusha hata kioo.

Wakristo wakachoka kuahidiwa. Wakaunda umoja, wakauita Umoja wa Maadili, na mwenyekiti akawa Mwinjilisti Korongo. Korongo alikuwa mrefu, mkavu, na mkweli kupita kiasi. Hata mgonjwa akimuuliza anaonekanaje, alimwambia.

"Uchaguzi huu hatumpi mtu kura kwa ajili ya kofia na kanga," akasema Korongo. "Tutampa yule atakayeleta sheria za kumcha Mungu."

Pimbi alijiunga siku ile ile. Akazunguka majabalini na mabondeni, hodi hodi, nyumba kwa nyumba, akiwahimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Hakuwa anaigiza. Kilabu kile kilimkera, na aliamini kwamba watu wanaosali wana haki ya kusema serikalini kama watu wengine.

Basi habari za umoja huo zikamfikia Kiboko.

Kiboko alikuwa mkubwa, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Mchana yuko mtoni, jioni yuko kwenye mashamba ya watu. Ukuu wa jimbo aliutaka siku nyingi, ila watu hawakumtaka. Aliposikia Umoja wa Maadili una kura kiasi gani, akatoka majini, ndi! ndi! ndi!, akaja kanisani, akapiga magoti, benchi la mbele likavunjika. Akasema ameokoka.

Wakambatiza. Kumzamisha hakukuwa kazi, kazi ilikuwa kumtoa. Wakampa jina la Zebedayo. Mwinjilisti Korongo alilia machozi ya furaha, na kabla machozi hayajakauka, Umoja ukamtangaza Ndugu Zebedayo Kiboko kuwa mgombea wao.

"Nina ombi dogo," akasema Kiboko. "Zile bustani za kando ya mto ziwekwe wakfu. Ziitwe Shamba la Bwana. Nitalilinda mimi mwenyewe."

Korongo akaona ni wazo la kiroho. Wanawake wakatazamana.

Pimbi akamfuata Korongo nje.

"Mwinjilisti, Bwana asifiwe."

"Amina, dada."

"Huyu mgombea wetu jana jioni alikuwa kwenye viazi vyangu. Nyayo zake zipo. Mtoto akilala ndani ya unyayo mmoja, hamumwoni."

Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Dada Pimbi, hata Daudi alikosa, na bado Mungu alimtumia. Tukimkataa huyu tutapata nani? Wengine wote wanakunywa kwa Fisi."

"Na viazi?"

"Msamehe."

Pimbi akarudi nyumbani. Akakaa kwenye cherehani, chaka-chaka-chaka, moyo unamuuma. Kumsamehe aliweza. Kilichomshinda ni kwamba Kiboko bado alikuwa anakula. Na akishinda, atakula kwa sheria, na wanawake watalalamika wapi? Alishona mkono wa shati mahali pa kola, akafumua, akashona tena.

Kesho yake akasikia, ndi! ndi! ndi! Ni Kiboko, amekuja kupimwa suti ya kampeni.

Pimbi akapanda kwenye kigoda, akampima shingo. Ikabidi aunganishe tepu mbili.

"Fundi," akasema Kiboko, "hawa watu wenu wanauliza maswali mengi. Sheria gani, lini, kwa nani. Kichwa kinaniuma. Siwezi kupata jibu moja la kujibia yote?"

Pimbi akapima bega, pini ziko mdomoni. Halafu akazitoa.

"Lipo, mheshimiwa. Wakikuuliza lolote, wajibu: Kiongozi ndiye wa kwanza."

"Basi?"

"Basi. Kanisani wanalipenda mno. Linasikika kama unyenyekevu."

Kiboko akalijaribu mdomoni kama anayeonja mchuzi. "Kiongozi ndiye wa kwanza. Kiongozi ndiye wa kwanza. Tamu."

Alhamisi Kiboko akaalikwa kwenye ibada ya wanawake. Mama Kanga, katibu wa Umoja, akauliza nani atakwenda kuwaona wagonjwa.

Kiboko akasema, "Kiongozi ndiye wa kwanza."

Watu wakasema, "Amina."

Chakula kikaandaliwa, Mama Kanga akauliza nani atapakuliwa.

Kiboko akasema, "Kiongozi ndiye wa kwanza."

Wakampa sufuria nzima. Siku hiyo Kiboko alimpenda Pimbi kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Wagonjwa hakwenda kuwaona.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Mkutano ulikuwa nje, kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu kanisa halikutosha. Walikuja swala, ngiri, nyani na familia zao, na Nyati naye alikuwepo, amekaa nyuma kabisa. Nyati alikuwa anagombea kiti kile kile, lakini hakuwa msemaji. Ahadi yake ilikuwa moja tu, kwamba kilabu cha Fisi kitaondoka pale shuleni, na alikuwa akiisema kwa sauti ya chini, kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Chini ya uwanja zilikuwa bustani za wanawake. Chini ya bustani ulikuwa mto, unametameta.

Kiboko alikaa mbele ndani ya suti yake mpya, nyeusi, nzito, vifungo mpaka kidevuni. Korongo akasimama.

"Ndugu zangu, kabla hatujazipeleka sheria zetu bungeni, tuzisikie. Ya kwanza. Kila mkazi wa jimbo atavaa mavazi ya heshima, kuanzia asubuhi mpaka kulala."

Kutoka kwenye kwaya ikasikika sauti ya pili. "Mwinjilisti, naomba kuuliza. Na kiongozi je?"

Watu wakamgeukia Kiboko. Kiboko akatabasamu. "Kiongozi ndiye wa kwanza."

"Amina," wakasema watu.

"Ya pili. Kila Jumatano na kila Jumapili tutafunga kula mpaka jua lizame, tuliombee jimbo letu."

"Na kiongozi je?" akauliza Pimbi.

Kiboko alikuwa anatazama matuta ya viazi. "Kiongozi ndiye wa kwanza," akasema.

"Amina."

"Ya tatu," akasema Korongo, na hapa sauti yake ikapungua kidogo, maana yeye mwenyewe ni ndege wa majini na riziki yake iko huko. "Jumapili ni siku ya pumziko. Asiingie mtu mtoni. Si kufua, si kuvua, si kuoga. Mimi itaniumiza, lakini nitaishika."

"Na kiongozi je?"

Jibu lilikwisha kuzoea njia. Likatoka lenyewe. "Kiongozi ndiye wa kwanza."

"Amina, amina."

Pimbi akasimama wima, ingawa akisimama wima bado ni mfupi. "Basi Mwinjilisti, kwa nini tungoje bunge? Leo si ni Jumapili? Tuanze sisi, na huyu mbele yetu, jimbo zima lione."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mama Kanga alirukaruka mpaka manyoya yakamtoka. Kiboko akafungua mdomo kusema kitu, ila kola ikambana, ikasikika "mf" tu. Watu wakajua anasali.

Wakakaa. Jua likapanda. Wenye manyoya walipata joto, wenye magamba walipata joto, lakini nyinyi mnaijua ngozi ya kiboko. Haikuumbiwa jua, seuze jua ndani ya suti. Ikaanza kumvuta. Ikaanza kumwasha. Akajikuna kwa siri kwenye kiti, kwaru, kwaru. Mto uko pale, unasema shwaa, shwaa.

Kisha likamtoka jasho. Na jasho la kiboko, kama mjuavyo, ni jekundu.

Nyani mmoja akaliona likichuruzika kwenye kola. "Jamani, anatokwa na damu," akasema. "Anatuombea mpaka damu inamtoka."

Watu wakaanguka kifudifudi. Ngiri alilia kama amefiwa. Kura ambazo zilikuwa bado zinasitasita zikahamia kwa Kiboko pale pale. Korongo akainua mbawa zake juu.

Pimbi akaona hila yake imegeuka. Alitaka kumvua mtu nguo ya utakatifu, na sasa amemshonea nyingine kubwa zaidi. Akatazama matuta yake chini pale, akayaaga kimoyomoyo. Alichokuwa nacho ni sauti ya pili.

Akaanzisha pambio.

"Maji, maji baridi," akaimba. Kwaya ikaitikia, "Maji." "Maji matulivu, yanayofika shingoni." "Maji." "Yanapita mgongoni." "Maji." "Yanaingia masikioni, polepole." "Maji, maji, maji."

Lilikuwa pambio zuri la baraka, hakuna ambaye angeweza kusema vingine. Kiboko akafumba macho. Midomo ikamtetemeka. Kwenye ubeti wa mgongo akaanza kuyumba. Kwenye ubeti wa masikio, pwa! kifungo cha kidevuni kikaruka, kikaligonga goma la kwaya. Pwa! Pwa! Vingine vikafuata.

Kiboko akanyanyuka na kiti chake. Ndi! ndi! ndi! ndi! akapita katikati ya waumini, akavunja uzio, akapita juu ya matuta huku anachota viazi kwa mdomo upande huu na upande huu, mpaka ukingoni.

Chubwi!

Yakabaki mapovu mtoni, na mkono mmoja wa suti unaelea.

Korongo akashuka taratibu mpaka ukingoni, miguu yake mirefu ikikwepa viazi vilivyotapakaa. Hakukanyaga maji. Watu wakamfuata nyuma.

"Ndugu Zebedayo," akasema, "leo ni Jumapili."

Pua zikajitokeza, kisha macho, kisha mdomo uliojaa majani ya viazi.

"Hizo sheria nilidhani ni zenu," akasema Kiboko huku anatafuna. "Mimi si nitakuwa mkuu wa jimbo?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Na pengine hilo ndilo lililowauma zaidi.

Korongo alisimama pale muda mrefu. Aliporudi akapita karibu na Pimbi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua ana ngozi, Mwinjilisti. Hayo mengine ameyasema mwenyewe."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Korongo akafikiri, na kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema, "Ni kweli. Uliniambia." Akaenda zake, akawaomba wanawake radhi mmoja mmoja, na jioni ile alionekana akiinua matuta kwa mdomo wake.

Uchaguzi ukafika. Watu wa Umoja walimkumbuka Nyati, yule wa nyuma kabisa, wakamuuliza alikuwa anasema nini. Akarudia kwa sauti ya chini. Safari hii walimsikia. Akashinda, na kilabu cha Fisi kikahamishwa, kikawekwa mkabala na ofisi ya diwani, ambaye alisema analifanyia kazi.

Na zile sheria? Zilifika bungeni. Wabunge wengi hawakuzitaka, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzipinga, watu wakiwa wamejaa dirishani wanatazama. Zikapita zote. Basi jimbo zima, kuanzia kenge mpaka twiga, likahitaji mavazi ya heshima, asubuhi mpaka kulala. Na fundi alikuwa mmoja.

Hadithi yangu imechoka, inavua viatu.
— Iweke mguu kitandani!
— Aliyeelewa amweleze jirani.
— Na jirani akilala, tumfunike!

Funzo lake mmelisikia. Msiwafanyie hila wagombea, hasa waliookoka karibuni, maana mwenye hila hafiki mbali. Ningemwita Pimbi mwenyewe awathibitishie, lakini leo ni Jumatano, amefunga, tumbo linanguruma, na mlangoni kwake foleni ya wateja imefika mtoni. Na Twiga naye anataka kola.